Shanga Nyekundu za Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Shajara mpya. Ile ya zamani ilijaa malalamiko. Hii itajaa ushindi.

Leo Mkurugenzi aliita maabara nzima, yaani mimi na Kipimo. Kiwanda kinaacha kutia rangi za kemikali kwenye mtindi. Wateja wamezikinai. Kuanzia sasa nyekundu itatoka kwa vijidudu: ule ukungu tunaouotesha juu ya mchele uliochemshwa, kwenye chupa za kabatini. Rangi ya asili, safi, inavutia kuliko nyanya mbivu. Ubaya wake ni kudeka. Ikiona jua, inachujuka. Ikiona joto, inachujuka. Ikikutana na uchachu wa mtindi inageuka kahawia kama chai ya jana. Kwa hiyo lazima ifungiwe ndani ya vifuko vidogo, vya kulika, viilinde mpaka imfikie mlaji.

Kila mmoja wetu atatengeneza vifuko kwa njia yake. Mwenye vifuko bora atakuwa mkuu wa maabara. Mwenye vifuko hafifu... Mkurugenzi hakumalizia. Aliutazama mlango tu.

Kipimo tulimpa jina hilo kwa sababu hupima kila kitu mara mbili, hata sukari ya chai yake. Mwembamba, mpole, hagombani na mtu. Ananikera! Ameshaamua: atachanganya rangi na gundi, aipulize kwenye mashine ya hewa ya moto, apate unga laini. Unga! Nani atauona unga? Mimi nitatengeneza shanga.

Alhamisi, 7 Machi

Shanga zimekubali! Unachukua unga wa mwani, unaukoroga na rangi mpaka uwe ute mzito. Unauvuta kwa bomba la sindano. Unadondosha tone mojamoja kwenye maji yenye kalsiamu. Tone likigusa maji tu, linajivika ngozi. Hapo hapo! Shanga nyekundu, ya mviringo, inang'aa. Nilikaa nazitazama mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nimefiwa.

Baada ya chakula cha mchana maji yakawa ya waridi. Zinavuja! Nikazivika koti la pili. Zikavuja kidogo. Nikazivika la tatu. Sasa hazivuji hata ukizikalia. Nimejaribu.

Kipimo alikuja akaibinya moja kwa vidole. Akauliza, kwa ile sauti yake ya kuomba radhi, kama binadamu ataweza kuitafuna. Wivu. Akauliza pia kama nimezionja. Sijaonja na sitaonja. Mwenye kazi akionja kazi yake atajipendelea. Isitoshe tumbo langu halijatulia siku hizi. Mkanda nao umeanza kulegea. Ngozi mbovu, wamenipiga dukani.

Jumamosi, 9 Machi

Mama mkwe anaishi nasi tangu mwaka jana. Chumba cha nyuma, kitanda, redio, na kopo la bati la nyuzi zake za kufumia vitambaa. Hana makuu. Shida yake tumbo. Linamsokota, linakataa chakula, na magauni yake yote yamekuwa makubwa. Mke wangu roho juu. Amempangia miadi na daktari wa matumbo Ijumaa ijayo. Nilisema ni uzee tu. Mke wangu akasema mama yake hajafika huko. Nikaliacha hapo. Ugomvi juu ya mkwe hauna mshindi.

Kisha nikiwa naoga, wazo! Mkurugenzi atataka kujua shanga zinafanya nini tumboni mwa mtu. Kipimo atakuja na majedwali. Mimi nitakuja na tumbo lenyewe! Tena tumbo gumu kuridhika kuliko yote ninayoyajua. La mama mkwe likizikubali, hakuna tumbo litakalozikataa. Na mtindi anaupenda.

Sitamwambia. Akijua atakula kwa wasiwasi, na wasiwasi huharibu matokeo. Halafu mtu anaanzaje kumweleza mkwewe habari za tumbo na za kinachofuata tumbo? Adabu hairuhusu.

Jumanne, 12 Machi

Asubuhi, mke wangu alipokwisha kutoka kwenda duka la mapazia anakoshona, nilimpelekea Mama kikombe cha mtindi wenye shanga. Mwenyewe, kwa mikono miwili. Alipigwa na butwaa. Alisema tangu azaliwe hajasikia mkwe wa kiume akipeleka chakula chumbani. Akaniita mwanangu. Akauliza hizi nyekundu ni nini. Nikasema matunda.

Akatia moja mdomoni. Akatafuna. Akatafuna. Akanitazama. Akasema ni matamu sana, na kama si vibaya nimwache ale taratibu. Niliporudi kikombe kilikuwa kitupu, kimelambwa! Shanga zote zimekwenda. Jirani ameshapewa habari kwamba huyu si mkwe, ni mtoto wa kuzaa. Mke wangu leo jioni kanitengea maji ya kuoga bila kuombwa.

Kazini mambo hayakwenda hivyo. Chupa zetu za majaribio ziko dirishani, zinapimwa kwa jua. Nilipoona Kipimo ametoka, niliihamishia yake kwenye kona inayochomwa kuliko zote. Ichujuke kabisa! Alasiri akarudi, akaiona, akanishukuru mbele ya Mkurugenzi. Alisema alikuwa amesahau, maelekezo yalitaka jua kali, na mwenzake amemwokoa. Unga wake ulikuwa bado mwekundu. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Alhamisi, 14 Machi

Ya leo makubwa. Mke wangu alinivuta jikoni, akafunga mlango, akanong'ona. Mama yake kamwita, akamweleza kwa shida, uso kaugeuzia ukutani, kwamba chooni ameona wekundu. Tena si kidogo. Mke wangu alikuwa ameshachukua mkoba. Alisema kesho ni mbali, wanakwenda hospitali sasa hivi.

Kwanza nilishikwa na hofu. Halafu furaha! Ni shanga! Zimepita toka mwanzo wa safari mpaka mwisho wake na rangi yao! Halafu hofu nyingine. Daktari atauliza mgonjwa anakula nini. Maneno yatafika kiwandani kwamba fundi wa maabara anachukua mali ya majaribio akawalishe watu kimyakimya. Unga wangu utamwagika saa hiyo hiyo.

Kwa hiyo nikamwambia mke wangu kila kitu. Alipiga meza. Aliniita majina ambayo sikujua anayajua. Kisha akakaa chini akalia, na katikati ya kilio kicheko kikamtoka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Akasema kumbe ni rangi tu. Ni rangi tu. Alilirudia neno hilo akijifuta kamasi kwa khanga.

Alitaka waende hospitali kesho vilevile. Nikamtuliza. Nikasema daktari akiona wekundu ule atampasua mama wa watu bure. Bora tusubiri rangi iishe mwilini, ndipo apimwe vizuri. Akakubali. Lakini aliona aibu kumweleza mama yake upuuzi wa mume wake, basi akamwambia hospitali wameahirisha. Mama akasema hakuna neno.

Nimeahidi kutompa shanga tena. Ahadi ni ahadi. Ila matokeo ya vikombe viwili si matokeo, na mke wangu hutoka kwenda kazini kabla yangu.

Jumatano, 20 Machi

Siku ya kuonja. Mezani: Mkurugenzi, mhasibu, Kipimo na mimi. Mtindi wa Kipimo ulikuwa wa waridi, mororo, sawasawa kila upande. Wa kuchosha. Wangu ulikuwa mweupe pe, na shanga nyekundu zinachungulia. Nilijiandaa kwa makofi.

Mkurugenzi alitafuna. Akaendelea kutafuna. Shanga ikawa inalia mdomoni mwake kama ndala kwenye sakafu yenye maji. Akasema amekula mengi maishani lakini soli hajawahi. Mhasibu alijaribu kuikata kwa kijiko. Ikaruka, ikampiga Kipimo kwenye miwani. Hilo ndilo jambo pekee lililonipendeza leo. Mhasibu akaamua kutumia jino, na jino likameguka.

Nikapiga moyo konde. Nikasema uimara ndiyo sifa yenyewe! Nikasema nimezijaribu kwa mtu mzima wa familia yangu, mwenye tumbo la matatizo, zikatoka nyekundu kama zilivyoingia. Mhasibu alikisukumia mbali kikombe chake, mkono mwingine shavuni. Mkurugenzi akasema haya, mwisho wa mwezi ujao nilete uthibitisho kwamba rangi haichujuki na mlaji hadhuriki. Kipimo ameshaambiwa aandae pipa zima la unga wake. Lakini mimi sijafukuzwa! Nimepewa muda. Kwa mtu mwenye akili muda unatosha.

Alhamisi, 28 Machi

Kipimo alinifuata nilipokuwa naosha vyombo. Akauliza yule mtu wa familia ana umri gani, na kama daktari amemwona. Nikajibu kwa mkato. Akasema, huku anaangalia sakafu, kwamba kuna njia rahisi ya kujua. Nimwache mtu huyo bila shanga kwa muda, nione kama wekundu unaisha. Usipoisha, basi si rangi.

Wivu wa mchana kweupe! Anataka nikatize majaribio yangu wakati kikao kinakaribia. Nilimwambia apime sukari yake aniachie shanga zangu.

Nyumbani nako kuna maswali. Mke wangu kauliza kama kweli niliacha. Nikasema niliacha. Kauliza mbona basi mama bado anaona wekundu. Nikamweleza habari za koti la tatu: shanga zinajificha kwenye mikunjo ya utumbo, zinatoka taratibu, polepole, hiyo ndiyo alama ya kazi nzuri. Akauliza hata majuma yote haya. Nikasema hata zaidi. Akasema anataka kuniamini. Nikasema sasa si aniamini tu.

Mama siku hizi akienda bafuni hupumzika njiani, ameshika ukuta. Uso umepauka. Asubuhi alipopokea kikombe mkono wake ulikuwa wa baridi kama umetoka kwenye friji. Akanishukuru, akasema Mungu anilipe. Nimeandika kwenye matokeo: mlaji ametulia, hana malalamiko.

Nilipotoka chumbani kwake kuna kitu kilinichoma kifuani. Kiungulia. Nimemeza vidonge. Mkanda nimeutoboa tundu jipya. Kazi nyingi, sili vizuri.

Jumanne, 9 Aprili

Mama ameanguka bafuni.

Mke wangu alikuwa keshaondoka. Mimi ndiye niliyesikia kishindo. Niligonga mlango. Nikaita Mama, Mama. Kimya. Mlango haukuwa na komeo. Nilishika kitasa, kisha nikakiachia, kwa sababu mkwe haingii bafuni alimo mkwewe. Nikasimama. Nikamsikia anapumua kwa shida upande wa pili wa ubao. Bado nikasimama. Ndipo nikatoka mbio kumwita jirani, na yeye ndiye aliyeingia.

Alitoka viganja vyake vimejaa nyekundu mpaka kwenye vifundo. Akanyanyua mikono akaniuliza hii ni nini. Nikafungua mdomo nimwambie ni rangi.

Alhamisi, 11 Aprili

Hospitali. Ukuta wa kijani mpaka nusu, mabenchi ya chuma, harufu ya dawa ya sakafu. Daktari ni binti mdogo mwenye macho ya kukosa usingizi. Amesema ni uvimbe kwenye utumbo mpana. Umekuwapo muda mrefu na umekuwa ukitoa damu. Sasa umefika kwenye ini, na damu iliyobaki mwilini haimwezeshi mgonjwa kustahimili kisu. Akauliza wekundu ulianza kuonekana lini.

Mke wangu alinigeukia mimi.

Daktari alisema, bila ukali wowote, kwamba angeletwa wakati ule wangeweza kumpasua, na huenda sasa hivi angekuwa nyumbani. Nikamweleza habari za shanga. Nikaeleza mwani, kalsiamu, makoti matatu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema rangi ya chakula haimmalizii mtu damu mwilini, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mama alikuwa macho. Alinishika mkono, akanishukuru kwa mtindi. Akaniomba radhi kwamba hakuwa akiumaliza inavyopasa. Nikamwambia kikombe kilikuwa kinarudi kitupu, Mama. Akatabasamu, akafumba macho. Nadhani ni dawa.

Nililia kwenye ngazi za hospitali. Nampenda yule mama. Hakuwahi kunisema vibaya hata siku moja, hata nilipostahili.

Jumapili, 14 Aprili

Mama amefariki asubuhi. Mke wangu alikuwa amemshika mguu, ameufunika na kitambaa kimoja alichokifuma mwenyewe. Hataki kuuachia.

Jioni Kipimo alikuja msibani. Alibeba viti, akapanga, akabeba tena, akakaa nyuma kabisa. Hakusema neno lolote kuhusu lile jambo. Nilikuwa nimeandaa majibu matatu. Nimebaki nayo.

Jumamosi, 20 Aprili

Mke wangu alikuwa anakunja nguo za mama yake. Akaniita, na sauti haikuwa yake.

Kopo la nyuzi lilikuwa wazi kitandani. Chini ya nyuzi, ndani ya kitambaa cheupe: shanga zangu. Tele! Zimeoshwa, zimekaushwa, zimekuwa ndogo na ngumu. Nyuma ya pazia, kwenye ndoano ya dirisha, palining'inia uzi mrefu wenye shanga nyingine alizozitunga akiweka fundo dogo kila baada ya moja. Kazi safi ya mkono wake.

Mke wangu alieleza kwa sauti ileile anayosomea vipimo vya mapazia. Mama yake hakuzila. Alitafuna moja siku ya kwanza, ikamshinda. Zilizobaki alikuwa anazitema kitambaani kila asubuhi. Hakuweza kuzimeza, na hakuweza kumkatalia mkwewe. Akaona kuzitupa ni dharau. Kwa hiyo ule wekundu ulikuwa damu. Siku ile jikoni ilikuwa damu. Alipocheka akilia jikoni, ilikuwa damu. Halafu akaniuliza kama nilikuwa naendelea kumpelekea hata baada ya kuahidi. Hakungoja jibu. Shanga za vikombe viwili hazijazi kitambaa.

Akakaa juu ya kitanda cha mama yake, akaniambia nitoke.

Nilisimama mlangoni. Kifua kilibana kweli, nilidhani nami naanguka. Sikuweza kumtazama. Nikautazama ule uzi dirishani, angalau macho yapate pa kukaa. Na hapo ndipo nilipoona. Nyekundu! Nyekundu kama siku ya kwanza! Kwenye jua, kwenye joto, majuma yote yale, hazijachujuka hata chembe! Nadhani nilisema kwa sauti.

Jumatano, 24 Aprili

Mke wangu amehamia kwa dada yake. Kwa muda, nadhani. Msiba una mambo yake. Kabla hajatoka aliniomba ule uzi wa shanga, akauvae. Nikamweleza kwamba nauhitaji kwa kikao, nitamrudishia kikiisha. Alinitazama kama mtu anayesoma kibao cha barabara asichokijua. Hakuomba tena. Akachukua kopo la nyuzi na redio.

Kikao chenyewe: ushindi, ukiniuliza mimi. Nililaza uzi mezani mbele ya Mkurugenzi. Nikafungua na kile kitambaa cha shanga nyingine. Nikasema tazama, hizi zimekaa kwenye mazingira halisi ya nyumbani, dirisha la upande wa jua, na rangi ni ileile. Chupa ya Kipimo imefifia kidogo kwa juu, nikaionyesha kwa kidole. Mhasibu, mwenye jino jipya, hakuinua macho.

Mkurugenzi aliushika uzi, akavipapasa vile vifundo. Akauliza nani alizitunga. Nikasema marehemu mama mkwe. Akauliza je, ndiye yule mtu wa familia niliyemtaja siku ile ya kuonja. Nikasema ndiye. Aliuweka uzi chini polepole sana, akausogeza kwangu kwa ncha za vidole. Akasema niende nyumbani nipumzike, nisiwaze kuja mpaka nitakapoitwa. Wakati natoka nilimsikia akimwambia Kipimo achukue funguo za maabara.

Likizo! Hajawahi kumpa mtu likizo pasipo kuombwa. Ameguswa.

Jumatatu, 29 Aprili

Napumzika. Nyumba kimya. Nimekaa chumba cha nyuma kwa sababu kina mwanga mzuri wa kufanyia kazi. Uzi wa Mama nimeukata. Shanga zikiwa zimetungwa ni vigumu kuzipima uzito.

Nilimpigia mke wangu. Akapokea dada yake, akasema hayupo, na nyuma yake nilimsikia mwenyewe akikohoa. Sikuudhika. Atarudi akishaona cheo.

Kipimo naye kapiga simu. Alizungukazunguka weee, mwishowe akatoboa. Alisema siku ya kikao aliona suruali yangu inanining'inia kama si yangu, na rangi ya uso wangu hakuipenda. Aliniomba nikaonwe na daktari. Akasema yuko tayari kunisindikiza. Nikamwambia ahsante. Mjanja huyu! Anataka nilazwe ili asibaki na mpinzani.

Ni kweli nimepungua. Mkanda umefika tundu la tatu. Lakini nani hapungui akifiwa?

Leo asubuhi, chooni: nyekundu. Tena si kidogo. Nilisimama nimeshika ukuta, jasho likanitoka, na moyo ukaenda mbio. Nikamkumbuka Mama alivyokuwa akipumzika njiani.

Kisha nikacheka peke yangu. Rangi! Ni kweli sijawahi kuonja hata shanga moja. Lakini tangu Machi nazishika kwa mikono mitupu, kila siku, asubuhi na jioni. Imepenya kupitia vidole! Maana yake makoti bado yanavuja, na hapo ndipo kosa lilipokuwa muda wote, wala hakuna aliyeliona. Nimeandika kwenye matokeo: mlaji wa pili, mwanamume, hana malalamiko.

Nimemeza vidonge viwili vya tumbo. Kesho nitaanza koti la nne.